Namba Anazosema Mama

Kompyuta mpya ilifika Jumatatu mchana ndani ya boksi lililobanwa kwa utepe wa kunata kila upande. Mwenye kuinunua aliiweka juu ya meza ya chakula, akaenda kunawa mikono, ndipo akarudi kulikata boksi kwa kisu cha jikoni. Kazi yake ilikuwa kunyoosha tasnifu za wanafunzi wa chuo. Alipanga marejeo, alitia namba za kurasa, alisawazisha pambizo, na wanafunzi, ambao hawana dogo, walikuwa wamembandika jina la Pambizo. Alilizoea. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa matumizi ya benki na hospitali.

Kompyuta ya zamani ilikufa kwa ugonjwa ulioletwa na flashi. Wanafunzi huleta kazi zao ndani ya flashi zilizokwisha kuchomekwa katika kila kibanda cha kuchapisha mjini, na mmoja wao, mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akiandika juu ya usafi wa maji, ndiye aliyeiua. Tasnifu za watu wengine wote zilifungwa humohumo kwa kufuli lisilo na ufunguo, na kioo kikaandika kwa herufi nyekundu kwamba mwenye mali alipe. Pambizo alilia mchana kutwa, akawaomba radhi wateja mmoja mmoja, kisha akala kiapo kwamba mashine ijayo haitaingia hata vumbi.

Kwa hiyo alimwita fundi. Mtaa mzima unamwita fundi huyo Pole, kwa sababu kabla ya kufungua mashine yoyote huiwekea kiganja juu na kuiambia pole. Kompyuta hii haikuwa na neno, ndiyo kwanza inatoka kwenye boksi, lakini aliiambia pole vilevile, akavuta kiti.

Mama yake Pambizo alikuwa palepale sebuleni, kwenye kiti chake cha dirishani, shuka jepesi magotini. Tangu apigwe na kiharusi hakuwa amesema neno. Alikula, alisikia, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo paka wa jirani alipokosea kuruka ukuta, lakini sauti ilikuwa imeondoka kama mtu aliyetoka kwenda dukani akapitiliza. Wageni walimwamkia, "Shikamoo, Mama," wakasubiri marahaba kidogo kwa adabu, halafu wakamgeukia Pambizo.

"Nataka ulinzi wa nguvu," Pambizo alimwambia fundi. "Kaka kasema niweke programu tatu. Moja ikisinzia, nyingine zinakuwa macho."

"Kaka yako anafanya kazi gani?"

"Anauza matofali."

"Basi abaki na matofali. Ukiweka tatu zitashikana mashati humo ndani, kila moja ikimwona mwenzake ndiye mwizi. Weka moja."

"Ipi? Hii iliyokuja nayo, au ile ya kulipia?"

"Hii iliyokuja nayo inatosha, ukiiacha ifanye kazi. Watu wanaizima ikianza kuwasumbua, halafu wananiita mimi nije kusema pole." Vidole vyake vilikuwa vinatembea huku anaongea. "Masasisho yakija, yakubalie palepale, usiyaambie kesho. Flashi ya mtu usiifungue kabla haijapekuliwa. Kazi za wateja weka nakala kwenye diski ya nje, na ukimaliza chomoa, tia kabatini. Ukiiacha imechomekwa, mashine ikiugua na yenyewe inaugua. Mtu akipiga simu anasema yeye ni wa benki, ni wa kampuni, ni wa mbinguni, kata. Na paswedi..."

"Paswedi ninayo."

"Ile ya nyumbani kwenu?"

Pambizo alitazama kucha zake. Nyumba ile ilikuwa na paswedi moja tangu enzi za marehemu baba, na ilitumiwa na wote bila kinyongo kama taulo la mikono lililoning'inia ukutani. Kila mtoto aliyezaliwa pale aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Katika familia ile, kuwa na paswedi yako peke yako kulihesabiwa maringo, na kama si maringo basi una jambo unalificha.

Fundi alimtungisha mpya, ndefu, ya maneno yasiyojuana. Kisha akasema waongeze na hatua ya pili: ukishaandika paswedi, namba ya tarakimu sita inatumwa kwenye simu, na bila namba hiyo hata aliyeiba paswedi anabaki nje. Akaomba namba ya simu.

Pambizo akaitaja. Hakufikiri. Pale kwao kila fomu ilijazwa namba ya Mama, ya shule, ya maji, ya umeme, ya kliniki. Watoto walibadilisha laini kila walipoibiwa simu au kuachwa na wachumba, Mama alikaa na yake ileile miaka nenda miaka rudi, ikawa ndiyo namba ya ukoo. Kwamba simu yenyewe ilikuwa imelala kwenye droo tangu ugonjwa uanze, na kwamba kampuni ilikwisha kuifungia laini kwa kutotumika, hilo halikumpitia akilini kabisa.

"Iko hewani?" fundi aliuliza.

"Siku zote."

Fundi akabofya. Wakangoja. Feni ya dari ilizunguka ikilalamika, kama kawaida yake.

"Nne," akasema Mama. "Sifuri. Saba, saba. Moja. Mbili."

Alizisema kwa sauti safi, ile ya kuwaita watu waje kuanua nguo kwa kuwa mvua inakuja. Macho yake yalikuwa nje, kwenye nyaya za umeme, walikotua ndege wawili. Pambizo aliandika namba kama alivyozisikia. Mashine ikafikiri kidogo, alama ya kijani ikatokea.

"Imekubali," alisema fundi, akaendelea na masasisho.

Alipokuwa anafunga begi lake alieleza kwamba namba ikishatumwa haina budi kufika mahali. Laini ikifa, inakwenda kwa mwenye laini. Hajaliona mara nyingi, alisema, ila linatokea. Mteja wake mmoja, mwalimu mstaafu, namba zake huja kwa mlio wa jokofu na inambidi akae karibu azihesabu. Mlangoni aliongeza jambo moja.

"Namba usiyoiomba ukiisikia, ujue kuna mtu anabisha. Usimsomee yeyote. Hata awe nani."

"Hata awe nani," Pambizo aliitikia, na wakati ule lilikuwa jambo jepesi kwake.

Tangu siku hiyo hakukuwa na mtu mwangalifu na kompyuta yake kumshinda Pambizo. Fundi alikuwa amemwambia atoke kwenye akaunti kila amalizapo kazi. Yeye alitoka akienda kunywa maji. Alitoka simu ikilia, alitoka mlango ukigongwa, na kila aliporudi aliandika paswedi yake ndefu, akakunja mikono, akamtazama Mama. Na Mama hakumwangusha. Namba zilikuja moja baada ya nyingine, zimetamkwa vizuri, hakuna iliyomezwa.

Sauti yenyewe haikuwa moja, na hilo aliligundua taratibu. Namba ya asubuhi moja ilikuja kwa sauti iliyokauka ya Mama aliyebeba beseni la nguo mbichi. Nyingine ilikuwa ya Mama anapiga soga na jirani juu ya ukuta, kicheko kimenaswa kati ya tano na nane. Alasiri moja tisa ilisemwa polepole, chini chini, kwa sauti ya siku zile Pambizo alipougua surua, na tisa ile ilikuwa na kiganja ndani yake. Pambizo aliinuka akaenda kuosha uso.

Sauti ilipokuwa ya zamani sana, chumba nacho kilijaribu kuifuata. Mwanga wa dirishani uligeuka rangi ya chai nyepesi, pazia likajaa upepo usiokuwepo nje, harufu ya sabuni ya mche ikapita. Kabati la vyombo, lililouzwa Pambizo akiwa bado shule ya msingi, lilirudi mahali pake kwa muda wa zile tarakimu sita. Alijifunza kupisha upande ule, kwani mara ya kwanza lilimgonga kiwiko. Kulikuwa na saa nyingine za mchana ambapo aliona nyumba nzima inaota ndoto, na yeye yumo ndani ya ndoto ile amekaa anasawazisha pambizo za mtu. Alikuwa na furaha. Hakumbuki kuwa na furaha ya namna ile tangu awe mtu mzima.

Shangazi alikuja kusikia. Alimwamkia wifi yake, akamwambia Pambizo aingie kwenye akaunti, akasikiliza akiwa ameshika tama.

"Ni yeye mtupu," alisema. "Hiyo tatu ndiyo aliyokuwa akinisemea nikichelewa kurudisha sufuria."

Akamaliza chai yake, akaenda zake, na kwa kuwa shangazi hajawahi kulala na habari, kabla ya jua kuzama ukoo mzima ulikuwa na taarifa.

Ijumaa iliyofuata akaja Kaka. Huyu ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile, yule wa matofali, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kustarehesha, na kwa kawaida alikuwa haonekani mpaka kuwe na msiba au arusi. Alikuja na mfuko wa machungwa. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa Mama, akamshika mkono, akawa anamweleza habari za tanuri na mvua. Pambizo aliwaona wawili wale wamekaa vile moyo ukamlainika. Akaenda jikoni kuandaa chai, akitafuta vikombe vizuri.

Alikuwa anamimina aliposikia.

"Sita. Mbili, mbili. Tisa. Sifuri. Tano."

Kompyuta ilikuwa imefungwa, ipo juu ya friji, aliiona kwa macho yake. Lakini hilo alilifikiria baadaye. Kwanza aliisikia sauti. Hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mwanamke kijana aliyeshiba usingizi, mwenye mtoto mmoja tu na siku nzima ya kumtazama, na kila tarakimu aliitoa kama anamlisha mtu kwa mkono. Pambizo ni kitinda mimba. Alipozaliwa, sauti ile ilikuwa imekwisha kutumika. Alisimama na birika mpaka chai ikajaa kisahani.

Aliporudi sebuleni, Kaka alikuwa anatia simu kwenye mfuko wa shati.

"Mama yuko vizuri," alisema. "Anang'aa kabisa. Unamtunza, mdogo wangu."

Ijumaa nyingine akaja tena, na machungwa tena, na shangazi akapiga simu kusema kwamba huyo ndiye mtoto, wengine waige.

Pambizo alijitia hamnazo siku mbili tatu. Kisha alibadilisha paswedi, akaiamrisha ile programu ya ulinzi ipekue mashine yote, kona kwa kona. Programu ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Ilipita ndani ya kila tasnifu, ikakuta kirusi kidogo kimejibanza kwenye ukurasa wa shukrani wa mwanafunzi mmoja, ikakitenga, ikaandika kwa kijani: hakuna tishio lililobaki. Pambizo akamwita fundi.

Fundi aliiambia kompyuta pole, akaikagua.

"Hapa hajaingia mtu," alisema. "Wezi wa huko nje hawajui hata kama upo. Hii namba ya Mama imewekwa wapi kwingine?"

"Mimi nimeiweka hapa tu."

"Na Mama mwenyewe?"

Ndipo alipokumbuka. Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa, ofisi ya ardhi ilihamishia hati zote mtandaoni, na watu wakaambiwa wakajiandikishe. Mama alikwenda kupanga foleni na hati ya nyumba ndani ya bahasha, akaandika namba yake, akaweka paswedi. Paswedi gani nyingine angeweka? Na aliyekuwa amekaa naye, akimshikia kipanya na kumwonyesha pa kubofya, alikuwa Kaka.

Waliufungua ukurasa wa ofisi ya ardhi. Paswedi ya nyumbani ilikubali mara moja, namba ikaombwa, Mama akaisema bila ajizi kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai. Ndani walikuta nyumba yao imeandikwa kwa ukubwa wake na mipaka yake. Chini yake palikuwa na ombi la kubadili jina la mmiliki, kutoka la Mama kwenda la Kaka. Hatua zote zilikuwa zimethibitishwa isipokuwa ya mwisho, ambayo ingefunguliwa Ijumaa.

Pambizo alilisoma mara ya kwanza kama anavyosoma tasnifu, akitafuta kosa la mpangilio. Halikuwepo.

"Usihangaike," alisema fundi. "Kuna kitufe hapa cha kusitisha. Bofya, namba inakuja, unaiandika, imekwisha. Halafu tunabadilisha na namba ya simu, tunaweka yako."

Pambizo akabofya. Wakangoja. Feni ilizunguka.

Mama alikuwa anatazama nyaya za umeme.

"Mama?" alisema Pambizo.

Mdomo wa Mama ulikuwa umefungwa. Hata ile pembe ya kushoto, ambayo tangu kiharusi ilikuwa haikutani vizuri na mwenzake, sasa ilikuwa imefunga barabara. Kooni kwake kitu kilishuka, kikatulia, kikashuka kingine. Alikuwa anazimeza moja moja, kama vidonge. Zilipokwisha, ukurasa ukaandika kwamba muda umepita, tafadhali jaribu tena.

Wakajaribu tena. Wakajaribu na kile kitufe cha kubadili namba ya simu. Mama alimeza zote.

"Labda ni mtandao," alisema fundi, kwa upole wa mtu anayejua kuwa si mtandao.

Pambizo akatoka kwenye akaunti yake ya kazi, akaiandika paswedi ndefu, akakunja mikono. Mama akasema palepale, "Tatu, tatu, nane, moja, sifuri, sita," kwa sauti ya kumwamsha mtoto aende shule, na harufu ya sabuni ikapita. Mtandao haukuwa na tatizo.

Fundi alikunja waya wake wa kuchajia, akaukunjua, akaukunja tena.

"Dada, ziko programu za kuzuia virusi, na ziko za kuzuia watu," alisema mwishowe. "Ya kumzuia mwenye namba asimpe anayemtaka, hiyo sijaiona."

Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda.

Pambizo alisogeza kigoda akakaa mbele ya Mama. Alimwambia wazi. Alimwambia kwamba Kaka ataiuza nyumba, kwamba anahitaji kiwanja cha kupanua tanuri na hana pengine pa kupata fedha, na kwamba wao wawili hawatakuwa na pa kuweka kitanda. Alimwuliza nani anamwogesha. Alimwuliza nani anamgeuza ubavu. Mama alisikiliza yote, na hakuna neno lililompita, ilionekana machoni. Alipomaliza, Mama akampigapiga mkono kwa kile kiganja kizima, vizuri tu, kwa upendo, kama unavyompoza mfiwa ambaye si ndugu yako. Kisha paka wa jirani akakosea ukuta, Mama akacheka.

Pambizo alikasirika. Kilichomuuma kupita nyumba ilikuwa ile sauti. Aliwaza kwamba nyumba ingemuuma ikiondoka, lakini sauti ile ilikuwa ikimuuma tangu kabla hajaijua. Hata hivyo alimwogesha Mama jioni ile, akamchana nywele, akampaka mafuta miguu.

Ijumaa alasiri aliufunga mlango kwa komeo na ufunguo, akashusha pazia la mlangoni. Kaka alibisha. Alibisha tena. Kisha nyayo zake zikazunguka kwenye kokoto za uani, akaja kusimama chini ya dirisha, machungwa mkono mmoja, simu mkono mwingine.

"Shikamoo, Mama. Mdogo wangu, fungua, unatia watu aibu."

"Unauza nyumba, Kaka?"

"Nani kasema kuuza? Ni jina tu linabadilika. Mali ya baba isimamiwe na mkubwa, ubaya uko wapi?"

"Sema kwa sauti, majirani wasikie."

"Hata wakisikia. Mimi sijamficha mtu." Na kweli hakuwa na sura ya mtu anayeficha. Alikuwa na sura ya mtu aliyesimama juani akisubiri huduma. Akabofya simu yake, akainua uso dirishani.

"Moja," akasema Mama.

Ilikuwa sauti ileile. Sebule ikawa ya rangi ya chai. "Sita," akasema, na kabati la vyombo likarudi ukutani. "Tano." Viti vikajipanga upya kwa mpangilio ambao Pambizo hakuujua. "Tano." Na katikati ya chumba, juu ya mkeka ambao nao ulikuwa umekuja muda uleule, kikawepo kitanda kidogo cha mbao cha mtoto, kimepakwa rangi ya maziwa, na chandarua chake. Pambizo aliwahi kusikia habari za kitanda kile. Kilivunjika kabla yeye hajazaliwa, yeye alilala kwenye boksi la sabuni. Akakizunguka ili amfikie Mama.

"Mbili," akasema Mama, akanyamaza.

Akageuza shingo, jambo ambalo daktari alisema hataliweza tena, akamtazama binti yake usoni. Alimtazama kwa muda. Hakuwa mgonjwa mwenye kupotewa na akili, wala hakuwa chombo cha kupitishia namba za watu. Alikuwa Mama, anajua anachofanya, na anamtazama anayemfanyia. Nje Kaka alisubiri, kidole hewani.

Mkono wa Pambizo ulikuwa umeinuka. Mdomo ule ulikuwa karibu, kiganja kimoja kingeutosha, na muda wa namba haukuwa umebaki mwingi. Lakini alikuwa ameungoja mdomo ule useme kwa muda mrefu mno, na mkono ulipofika haukufunika kitu. Ulichukua leso ukafuta mate kwenye ile pembe ya kushoto.

"Nane," akasema Mama.

"Asante, Mama," Kaka akasema kutoka nje. Alibofya, akasubiri, akatia simu mfukoni. Akayapanga machungwa kwenye ukingo wa dirisha, akauliza kama kuna kitu wanahitaji dukani. Kitanda kile kilikawia kuondoka. Pambizo alilazimika kukizunguka mara mbili akitandika meza.

Wanunuzi walikuja kabla ya mvua. Walikuwa watu wastaarabu, mke na mume, wakapima madirisha na kuomba samahani kwa kupitapita. Siku ya kuhama Kaka alileta lori lake mwenyewe la matofali, akabeba kitanda, friji na kiti cha dirishani kwa mikono yake, shati likamlowa chapachapa, na alimbeba Mama kwa uangalifu kuliko vyote. Shangazi alisema ndivyo walivyo watoto wa kwanza, wana majukumu. Mbele ya watu hakuna aliyesema zaidi ya hapo.

Sasa wanakaa vyumba viwili na jiko nyuma ya duka la vifaa vya shule, na wanafunzi wanaona ni karibu zaidi. Kompyuta haijawahi kuugua. Masasisho yanakubaliwa siku yanapokuja, flashi zinapekuliwa mlangoni, diski ya nakala iko kabatini imechomolewa. Fundi alipokuja kuikagua aliuliza kama abadilishe ile namba ya simu, akaambiwa aiache. Aliiacha. Namba za kazini bado zinakuja vizuri, kwa sauti ya beseni, ya soga, ya surua, na Pambizo bado anakunja mikono kila mara na kungoja, na bado anafurahi.

Kaka ana shughuli nyingi siku hizi. Hupiga simu. Ijumaa mchana ukianza kupoa, Mama huonyesha kwa kiganja kwamba kiti chake kigeuzwe kielekee mlangoni, Pambizo hukigeuza. Kisha Mama huanza kusema namba. Hakuna aliyeziomba. Ijumaa ya kwanza Pambizo aliziandika zote, akazijaribu kwenye ukurasa wa ofisi ya ardhi, akazijaribu kwenye kila akaunti aliyoweza kuikumbuka, hazikufungua kitu. Fundi alizisikiliza siku moja akiwa amesimama, begi begani, akasema hizo hazijatumwa na mtu, hizo ni zake mwenyewe.

Vyumba ni vidogo. Kitanda cha mtoto kikija hakibakizi pa kupita, kwa hiyo Ijumaa Pambizo hukaa jikoni mpaka Mama amalize. Anaosha vyombo. Mama akifika kwenye ile sauti, anafunga bomba. Si yeye anayesemeshwa na sauti ile, lakini pale jikoni inasikika vizuri.